Sheria za Kodi Hubadilika: Mwenye Daftari Halipi Zaidi ya Haki

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husimama Bungeni mjini Dodoma. Husoma hotuba ya bajeti. Bajeti ni mpango wa Serikali wa kupata pesa na kuzitumia. Baadaye Bunge hupitisha Sheria ya Fedha. Sheria hiyo ndiyo inayobadili kodi. Kodi moja hupanda, nyingine hushuka, na nyingine hufutwa kabisa. Mabadiliko mengi huanza tarehe 1 Julai.

Ndugu msomaji, huenda unasema, "Mambo ya Dodoma yananihusu nini mimi?" Yanakuhusu sana. Yanamhusu mama anayeuza matunda pale stendi ya Msamvu. Yanamhusu mkulima wa Mgeta anayeteremsha viazi na kabichi kutoka milima ya Uluguru. Yanamhusu mwenye duka dogo la Matombo anayekuja Morogoro mjini kununua sukari na sabuni. Tena yanamhusu mtu mwingine ambaye hatumfikirii mara nyingi. Huyu ni mshauri wa kodi. Kazi yake ni kujua sheria na kuwasaidia watu wengine kuifuata.

Sheria ikibadilika, huyo mshauri na wateja wake wote hubadilishiwa njia. Tuone jinsi inavyokuwa.

KODI IMEBADILIKA TANGU ZAMANI

Kodi si jambo jipya kwetu. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba. Watu wengi hawakuwa na pesa. Walilazimika kutoka vijijini kwenda kutafuta kazi, na wengine waliishia katika mashamba ya wageni. Walipokuja Waingereza, nao walitoza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa.

Baada ya Uhuru, Serikali ilibadili mambo mengi. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ya serikali za mitaa ilifutwa. Katika miaka ya 1980 ilikuja kodi ya maendeleo. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Mgambo walipita vijijini kuuliza stakabadhi, na watu wengine walikimbilia porini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, ilianza kazi mwezi wa Julai 1996. Mwaka 1998 ilianza Kodi ya Ongezeko la Thamani. Watu wengi huiita VAT. Mwanzoni ilikuwa asilimia 20. Mwaka 2009 ilishushwa ikawa asilimia 18. Mwaka 2004 ilipitishwa Sheria mpya ya Kodi ya Mapato. Mwaka 2010 zilianza mashine za kutoa risiti. Mwaka 2015 ilipitishwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi.

Unaona basi. Aliyejifunza kodi mwaka 1995 akaacha kusoma, leo hajui kitu. Maarifa ya kodi ni kama maziwa. Yakikaa siku nyingi bila kuangaliwa, huchacha.

MWAKA 2019: DAFTARI LINA THAMANI

Sasa tutazame badiliko moja kwa makini. Ni badiliko la mwaka 2019. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Dk. Philip Mpango.

Mfanyabiashara mdogo hutozwa kodi kwa kutazama mauzo yake ya mwaka mzima. Mauzo ni pesa zote zinazoingia kwa kuuza, kabla ya kutoa gharama. Mauzo si faida. Ukinunua chungwa kwa shilingi 100 ukaliuza kwa shilingi 200, mauzo ni shilingi 200.

Sheria ya mwaka 2019 ilipanga hivi:

Mtu ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4, halipi kodi ya mapato.

Mtu ambaye mauzo yake yamezidi milioni 4 lakini hayazidi milioni 7, ana njia mbili. Kama hana kumbukumbu za maandishi, hulipa shilingi 100,000 kwa mwaka. Kama anazo, hulipa asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi milioni 4.

Wenye mauzo makubwa zaidi wana viwango vyao.

Kabla ya hapo, mtu wa kundi hili asiye na kumbukumbu alilipa shilingi 150,000. Kwa hiyo kodi yake ilipungua kwa shilingi 50,000. Lakini mwenye daftari alilipa kidogo kuliko huyo.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja anauza ndizi na maembe Msamvu. Kila siku anauza vitu vya shilingi 16,000. Anafanya kazi siku 26 kwa mwezi.

Kwa mwezi: 16,000 mara 26 ni shilingi 416,000.

Kwa mwaka: 416,000 mara 12 ni shilingi 4,992,000.

Mauzo yaliyozidi milioni 4 ni shilingi 992,000. Asilimia 3 ya hizo ni shilingi 29,760.

Basi mama huyu akiwa na daftari, kodi yake ni shilingi 29,760. Akiwa hana, ni shilingi 100,000. Tofauti ni shilingi 70,240. Pesa hizo zinatosha kununua daftari nyingi na kalamu nyingi, na sare za watoto zikapatikana.

Sasa tuseme mwenzake aliye kando anauza vitu vya shilingi 12,000 tu kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 3,744,000. Hajafika milioni 4. Kwa hesabu hiyo hadaiwi kodi ya mapato. Lakini ataonyeshaje kwamba hajafika? Asiye na maandishi anabaki kubishana kwa mdomo. Afisa anakadiria kwa macho. Siku aliyopita wateja walikuwa wengi, naye anadhani kila siku ni hivyo.

MSHAURI NA MTEJA WAKE

Tuseme mama yule muuza ndizi anakwenda kwa mshauri wa kodi mjini. Mazungumzo yao yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja nijue kodi yangu ya mwaka huu. Miaka ile nililipa laki moja na nusu."

"Mama, sheria imebadilika tangu wakati ule. Daftari lako la mauzo liko wapi?"

"Daftari la nini? Biashara yangu yote iko kichwani."

"Nakuamini mama. Lakini afisa hawezi kusoma kichwa chako. Anasoma karatasi."

"Mimi nimejua kusoma juzi tu, katika darasa la watu wazima. Nitaweza?"

"Unajua kuandika tarehe?"

"Najua."

"Unajua kuandika shilingi ulizouza na shilingi ulizonunulia mzigo?"

"Najua."

"Basi umeweza. Andika kila siku jioni kabla hujafunga. Risiti za mzigo zitie katika mfuko mmoja."

Huyu ni mshauri mwema. Angeweza kumficha mama habari ya daftari ili arudi kila mwaka kuuliza. Hakufanya hivyo.

MSHAURI NAYE ANAGUSWA

Badiliko la mwaka 2019 liligusa pia mfuko wa washauri na wahasibu. Zamani, mfanyabiashara ambaye mauzo yake yalizidi shilingi milioni 20 kwa mwaka alitakiwa kuandaa hesabu kamili. Hesabu hizo hutayarishwa na kukaguliwa na wahasibu wenye cheti. Kazi hiyo ina gharama. Mwaka 2019 kiwango hicho kilipandishwa kutoka milioni 20 hadi milioni 100. Serikali ilitaka kuwapunguzia wafanyabiashara wadogo gharama hizo.

Fikiria mwenye duka anayeuza shilingi milioni 30 kwa mwaka. Kabla ya mwaka 2019 alimhitaji mhasibu. Baada ya hapo sheria haikumlazimisha tena. Mwenye duka alipumua. Mhasibu alipoteza mteja.

Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 2023. Zamani aliyefikisha mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka alitakiwa kujiandikisha kwa ajili ya VAT. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi milioni 200. Aliyeandikishwa VAT hutakiwa kupeleka taarifa kila mwezi. Wengi huwalipa washauri kwa kazi hiyo ya kila mwezi. Kiwango kilipopanda, kazi hiyo ilipungua.

Hapa ndipo uaminifu wa mshauri hupimwa. Sheria ikimpunguzia mteja mzigo, mshauri mwaminifu humwambia, hata kama yeye mwenyewe atakosa malipo. Mshauri asiye mwaminifu hunyamaza. Huendelea kupokea pesa kwa kazi ambayo sheria haiidai tena. Huyo anakula jasho la mwenzake.

Wako pia washauri ambao si wabaya, ila ni wavivu. Hawasomi sheria mpya. Wanamkadiria mteja kwa viwango vya zamani. Mteja hulipa zaidi, au hulipa pungufu halafu akatozwa faini. Mbele ya TRA, anayeulizwa kwanza ni mwenye biashara. Haitoshi kusema, "Mshauri wangu ndiye aliyeniambia."

Lakini usidhani kwamba mshauri hana kazi tena. Anayo. Mfanyabiashara mdogo mwenye faida ndogo sana anaweza kuchagua kutozwa kwa faida badala ya mauzo. Hapo inabidi awe na hesabu kamili. Je, njia ipi ina nafuu? Hilo linahitaji mtu anayejua kupiga hesabu za njia zote mbili. Makampuni nayo hayamo katika mpango wa kutozwa kwa mauzo. Watu wa kazi za kitaalamu hawamo pia. Kwa hiyo mshauri wa kodi mwenyewe hatozwi kama muuza ndizi. Hutakiwa kuandaa hesabu zake za faida.

JIHADHARI NA VISHOKA

Mshauri wa kodi wa kweli husajiliwa na TRA. Mwulize cheti chake cha usajili. Usione haya. Hata fundi wa nyumba tunamwuliza amejenga wapi.

Asiye na usajili ni kishoka. Vishoka hupenda kukaa karibu na ofisi. Humwona mtu wa kijijini amesimama akishangaa, wakamwambia, "Mzee, nipe pesa kidogo nikutengenezee TIN." TIN ni namba ya mlipa kodi. Namba hiyo hutolewa bure. Anayekuuzia anakuibia.

Ubaya mwingine wa vishoka ni kwamba hutumia siri yako. Sheria zinapobadilika, watu huchanganyikiwa. Wakati huo ndio mavuno yao. Basi mabadiliko yakitangazwa, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya TRA ya Morogoro ukaulize. Kuuliza ni bure. Ukilipa kodi, lipa benki au kwa simu kwa namba ya malipo uliyopewa na TRA. Usimpe mtu pesa taslimu mkononi.

MKULIMA WA MLIMANI NA USHURU WA MAZAO

Kodi zote hazikusanywi na TRA. Ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri. Huu nao umebadilika.

Mwaka 2017 sheria iliupunguza. Zamani ulifika asilimia 5 ya thamani ya mazao. Tangu hapo mazao ya biashara yaliwekewa asilimia 3, na mazao ya chakula asilimia 2. Kwa mahindi yenye thamani ya shilingi 100,000, ushuru ulishuka kutoka shilingi 5,000 hadi shilingi 2,000.

Tena sheria hiyo ilisema kwamba mazao yasiyozidi tani moja, yakisafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, yasitozwe ushuru. Tani moja ni kilo 1,000. Ni sawa na magunia kumi ya kilo mia mia.

Jambo hili ni kubwa kwetu. Mgeta iko katika Wilaya ya Mvomero. Matombo iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro. Msamvu iko katika Manispaa ya Morogoro. Kwa hiyo mkulima akishuka mlimani na magunia yake manne ya viazi, anavuka mpaka wa halmashauri. Asiyejua sheria anaweza kutozwa getini, naye akadhani ni halali. Anayejua huuliza kwa adabu, "Ndugu, mzigo wangu haujafika tani moja. Natozwa kwa kifungu gani?" Na kila anapolipa kitu, hudai stakabadhi.

SAUTI YA WANANCHI HUBADILI SHERIA

Wengine hudhani sheria ya kodi hushuka kama mvua, nasi hatuna la kufanya. Si kweli.

Mwezi wa Julai 2021 ilianza tozo ya kutuma na kutoa pesa kwa simu. Tozo kubwa kabisa ilikuwa shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Wananchi walilalamika. Vijana waliokuwa wakiwatumia wazazi pesa vijijini waliona uchungu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ilipunguzwa tena, na kiwango cha juu kikawa shilingi 4,000. Mwaka 2023 tozo ya kutuma pesa kwa simu ikafutwa.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka. Walilalamikia kodi na namna inavyokusanywa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda kuwasikiliza. Juni 2024 walifunga tena. Mwezi wa Oktoba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya kutazama mfumo mzima wa kodi. Mwenyekiti wake aliyeteuliwa ni Balozi Ombeni Sefue.

Kwa hiyo tuseme mambo yetu katika mikutano ya kijiji. Tuwaambie madiwani na wabunge wetu. Lakini ili usikilizwe, lazima uwe na hesabu mkononi. Ukisema, "Kodi ni kubwa," watakuitikia tu. Ukisema, "Niliuza kiasi hiki, nikanunua mzigo kwa kiasi hiki, nikabakiwa na kiasi hiki, tazameni daftari," watakaa na kusoma.

UKIKADIRIWA ISIVYO HAKI

Inaweza kutokea ukapewa makadirio makubwa kuliko biashara yako. Usikasirike ukafunga duka. Usimtafute mtu wa kumpa rushwa. Sheria inakupa njia.

Kwanza, andika pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Pingamizi ni barua ya kueleza kwa nini hukubali. Ipeleke ndani ya siku 30 tangu upewe makadirio. Siku hizo zikipita, haki yako inaweza kupotea.

Pili, jua kwamba utatakiwa kulipa sehemu kwanza. Ni theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa, au ile sehemu ambayo huipingi, yoyote iliyo kubwa zaidi. Kama una sababu ya kweli ya kushindwa, unaweza kumwomba Kamishna akupunguzie.

Tatu, usiporidhika na jibu, unaweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Juu yake liko Baraza la Rufani za Kodi.

Sheria ya mwaka 2019 iliweka pia msuluhishi wa malalamiko ya kodi. Kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya walipa kodi juu ya huduma na mwenendo wa watumishi.

Katika hatua hizi zote mshauri mwaminifu ni msaada mkubwa. Lakini hata yeye atakuuliza jambo lile lile la kwanza: daftari liko wapi?

NAMNA YA KUANDIKA DAFTARI

Nunua daftari la kawaida. Piga mistari ya kushuka ili upate nafasi nne.

Nafasi ya kwanza, andika tarehe.

Nafasi ya pili, andika mauzo ya siku.

Nafasi ya tatu, andika manunuzi ya mzigo.

Nafasi ya nne, andika gharama nyingine, kama nauli na ushuru wa soko.

Mwisho wa mwezi jumlisha kila nafasi. Mwisho wa mwaka jumlisha miezi yote. Kodi ya mwaka hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Yule mama wa Msamvu anayedaiwa shilingi 29,760 atalipa shilingi 7,440 kila awamu. Akiweka akiba kidogo kidogo, hataona uzito.

Usiandike uongo. Daftari la uongo hujulikana, kwa sababu risiti za mzigo husema kweli. Wala usichoke baada ya wiki moja. Siku usiyouza kitu, andika sifuri. Sifuri nayo ni habari.

Na kila mwezi wa Juni sikiliza redio. Bajeti ikisomwa, uliza: kiwango changu kimebadilika? Viwango tulivyovieleza hapa ni vya sheria za miaka tuliyoitaja. Bunge linaweza kuvibadili wakati wowote wa bajeti. Basi kabla ya kulipa, uliza kiwango cha mwaka huo.

Kodi hujenga barabara, zahanati na madarasa. Kuilipa ni wajibu wetu. Lakini kulipa zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu ya kutojua si wajibu wa mtu. Kalamu uliyojifunza kuishika ndiyo itakayokulinda.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mauzo na faida vina tofauti gani?

2. Mtu anauza vitu vya shilingi 18,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mauzo yake ya mwaka ni kiasi gani? Kwa sheria ya mwaka 2019, angelipa kodi kiasi gani akiwa na daftari? Asipokuwa nalo je?

3. Kwa nini mshauri wa kodi lazima asome kila mwaka?

4. Katika kijiji chetu, watu wangapi wanaofanya biashara wana daftari? Tufanye nini ili wote wawe nalo?